Picha Yenye Mvi

Asubuhi moja, katika ofisi ya Serikali ambayo sina haja ya kuitaja, huku kwetu kaskazini ya mto Sabaki, nilikuwa nimeketi juu ya benchi nikingoja karatasi yangu ipigwe muhuri, mara akasimama mbele ya meza mzee mmoja aliyekuja kwa pikipiki kutoka pande za Adu, kajifunga kikoi na kuvaa shati jeupe lililofuliwa kwa makini, akatoa kitambulisho chake ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Shida yake ilikuwa ni ile posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo mpango wa Inua Jamii huwapa watu waliotimiza miaka 70. Karani, kijana wa makamo ya mjukuu wake, akaitazama picha, akamtazama mzee, akaitazama picha tena.

"Huyu si wewe, mzee," akasema. "Huyu wa pichani ana mvi kichwa kizima, na ndevu zake kama pamba. Wewe nywele zako nyeusi kushinda zangu."

"Ni mimi, mwanangu. Nimetia piko."

Foleni ikacheka. Karani naye akacheka, akauliza kama mzee alikuwa na posa mahali. Mzee hakucheka. Alivua kofia, akainama juu ya ile meza mpaka utosi wake ukawa chini kabisa ya macho ya karani, akazitenga nywele kwa vidole viwili. Na pale penye mashina, mahali ambapo piko ilikuwa haijafika, ukaonekana weupe mwembamba kama uzi wa kushonea kanzu.

"Ziko chini," akasema. "Za juu nimezificha nisije nikauawa."

Kicheko kilikatika. Mtu yeyote aliyezaliwa baina ya Malindi na Marafa, baina ya Ganze na Chakama, alielewa mara moja kilichosemwa, ilhali mgeni angehitaji kuelezwa kwamba katika Kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, kichwa cheupe na macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni vimekuwa ushahidi wa kutosha wa kumwita mtu mchawi. Kwamba wapo wazee, wake kwa waume, waliokatwa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao wenyewe. Na kwamba huko Ganze, pale Kaya Godoma, pamefanywa makimbilio ya walionusurika, wanaoishi mbali na mashamba yao na makaburi ya wazazi wao kwa kosa la kuishi sana. Mkulima akipata mtoto mgonjwa, au mvua ikikatika, mwenye mvi hutajwa. Na aliye tayari kuichimbua tuhuma mpaka chini, aghalabu hakuti uchawi wala hofu ya uchawi. Hukuta shamba, na mpwa au mwana anayeona kwamba mwenye shamba amechelewa kufa.

Nimelitafakari jambo hili majuma mengi, na kila nikilitafakari hurudi kwenye maneno mawili. Lugha yetu ina kutambua, na ina kuheshimu. Mwenye kutambua ni mwenye jicho: mlinzi langoni hutambua uso, karani hutambua sahihi, dola hutambua dola nyingine, na jamaa huitwa hospitali kutambua maiti. Mwaka 2023, baada ya kufukuliwa kwa makaburi ya waumini waliohimizwa kufunga chakula hata kufa katika msitu wa Shakahola, ulio hapa hapa Magarini, miili zaidi ya 400 ilihitaji kutambuliwa, na akina mama walikuja Malindi kutoa chembe za miili yao wenyewe ili zilinganishwe na mifupa. Walisubiri hadi mwezi Machi wa mwaka 2024 ndipo miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa wenyewe. Kutambuliwa, basi, hata maiti hutambuliwa, wala anayetambuliwa hahitajiki kusema neno. Heshima ni jambo la namna nyingine. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na asili yake iko karibu na kuona haya: anayeheshimu ana kitu ndani yake kinachomzuia, hujishusha kidogo, hupunguza sauti, husimama. Hakuna awezaye kuheshimu huku yeye mwenyewe akibaki vile vile alivyokuwa.

Wanafalsafa wa Ujerumani wanalo neno moja linalobeba mizigo hii yote miwili, nalo limewapa kazi kubwa tangu Hegel alipoandika, mwaka 1807, juu ya bwana na mtumwa wanaopigania kukubaliwa, hata Axel Honneth wa Frankfurt alipochapisha mwaka 1992 kitabu chake juu ya mapambano ya kutaka kutambuliwa. Honneth asema kwamba mwanadamu hawezi kuwa na uhusiano mwema na nafsi yake pasipo mambo matatu kutoka kwa wenziwe: upendo wa walio karibu naye, haki mbele ya sheria, na kuthaminiwa kwa kile anachokiongeza katika maisha ya wote. Na kwa kila jema kati ya hayo matatu liko dharau lake: kudhuriwa mwili, kunyimwa haki, na kutwezwa kwa namna yako ya kuishi. Ni mpango mzuri, na kwa muda mrefu niliupenda. Lakini nilipomwona yule mzee ameinamisha utosi juu ya meza, niliona zile dharau tatu zimekaa pamoja juu ya unywele mmoja. Unywele ule ule ndio uliohatarisha mwili wake nyumbani, ndio uliomsimamishia haki yake ofisini, na ndio uliokuwa, zamani za babu yake, shahada ya kuthaminiwa kwake, kwa maana mwenye mvi ndiye aliyekalishwa mbele, akaulizwa, akangojwa amalize sentensi yake hata kama sentensi yenyewe ilikwenda pole pole na kukohoa katikati. Huku kwetu vile vitatu vya Honneth havina kuta baina yao.

Kuna ajabu nyingine, ambayo siwezi kuitaja bila kuona uchungu. Wagiriama walio katika chama cha Gohu walikuwa, na baadhi yao wangali, wakimsimamishia mzee wao aliyefariki kigango, yaani mti uliochongwa kwa umbo la mtu, mwenye kichwa cha mviringo na michoro ya pembe tatu mwilini, ili koma, yaani roho ya marehemu, ipate mahali pa kukaa na walio hai wapate mahali pa kumwaga pombe ya tambiko. Kigango hakihamishwi. Huachwa mpaka mchwa na mvua viimalize kazi yao. Basi tangu miaka ya 1970 vigango viling'olewa usiku na vijana wa humu humu, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikavuka bahari hata kuingia katika nyumba za wacheza sinema na majumba ya makumbusho ya Marekani, na huko vikatambuliwa, tena kwa shauku: vikawekewa taa, vikapewa nambari na kibao kinachoeleza mti, urefu na kabila. Hakuna ambaye hakuvitambua. Ilichukua miaka mingi ya barua na aibu hata wenye kuvishika wakubali kwamba walikuwa wameweka wazazi wa watu ukutani; jumba la Denver likaamua kurudisha vigango 30, na jumba la Jimbo la Illinois likarudisha 37 mwaka 2023. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini nilijiuliza, na ningali najiuliza, tunaishi katika nchi gani ambayo mzee wa mti hurudishwa kwa ndege na kupokewa kwa hotuba, huku mzee wa nyama na damu, ambaye kesho ndiye angestahili kigango, yuko dukani ananunua piko.

Wala nisieleweke kwamba nadharau kutambuliwa. Mwenye kitambulisho mfukoni huona wepesi kukicheka. Wapemba waliovua samaki katika pwani hii kwa vizazi, wengine wao wakiwa wamekuja kabla ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964 na wengine baada yake, waliishi miongoni mwetu bila kuwa raia wa mahali popote: hawakuweza kukata leseni ya uvuvi kwa jina lao, wala kufungua akaunti benki, wala kusajili laini ya simu, na boti ya doria ilipowakuta baharini walikuwa na maneno matupu ya kujitetea. Mwezi Julai mwaka 2023, Rais William Ruto alikuja Kilifi, na Wapemba wakahesabiwa rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Wamakonde wa Kwale walikwisha kuwatangulia, nao iliwabidi, mwaka 2016, kufunga safari ya miguu kuelekea Nairobi ndipo wasikilizwe. Aliyewahi kumwona mvuvi wa miaka sitini akikishika kitambulisho chake cha kwanza kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kukichafua kwa magamba ya samaki, hawezi kuniambia kwamba karatasi ni karatasi tu.

Lakini itazamwe na hali ya Wata. Hawa ndio wenyeji wakongwe wa msitu unaoanzia Dakatcha ukaenda mpaka Galana na Tsavo, wawindaji wa ndovu wenye pinde nzito na mishale iliyopakwa sumu ya kuchemsha, na kila jirani aliwapa jina alilopenda yeye, Walangulo kwa hawa, Wasanye kwa wale, wala majina hayo hayakuwa ya sifa. Ilipotengwa mbuga ya Tsavo mwaka 1948, mwindaji alilala mwindaji akaamka jangili. Na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walitiwa kifungoni kwa kufanya kazi ya baba zao mahali pa baba zao. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliowafunga walikuwa wakiwasifu. Wakuu wa mbuga waliandika na kusimulia juu ya ustadi wa Wata, wepesi wao wa kufuata nyayo, nguvu za mikono yao. Na mwaka 1960 ukabuniwa mradi huko Galana wa kuwarudishia uwindaji kwa leseni na hesabu, mradi ambao haukudumu, na ardhi ile ikaja kuwa ya mifugo. Hapakuwa na mtu aliyetambuliwa vizuri kuliko Mwata, wala aliyeulizwa machache kuliko yeye. Hata leo, ambapo Katiba ya mwaka 2010 yazitaja jamii za wawindaji katika kifungu cha 260 miongoni mwa jamii zilizosukumwa pembeni, mtoto wa Kiwata huweza kufika mbele ya karani akasema kabila lake, na karani, kwa kuona njia fupi, akaandika Mgiriama.

Hapa yafaa nijizuie, kwa sababu nasikia kalamu inaelekea mahali pabaya. Ni rahisi kwa mtu wa pwani, hasa akiwa ameanza kuota mvi mwenyewe, kulilia heshima ya zamani kana kwamba ilikuwa kisima kilicho wazi kwa kila mwenye kiu. Haikuwa hivyo. Watu wa Sultani wa Unguja walipoufufua mji wa Malindi mnamo mwaka 1861 na kuzungusha mashamba ya mtama na ufuta, heshima ilikuwa mali ya waungwana, na aliyelima hakuwa nayo. Hegel hakupata kufika Malindi, lakini lile fumbo lake, kwamba bwana hushiba njaa kwa sababu heshima apewayo inatoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, lingeweza kuandikwa katika baraza yoyote ya mji huu. Watumwa watoro waliokimbilia Fuladoyo, ndani huko bara, wakafyeka msitu, wakajenga, wakalima, hawakungoja kutambuliwa na mtu. Walianza kwa kuheshimiana wao kwa wao, na huenda ndiyo sababu waliogopwa zaidi ya maasi. Na siku sheria ilipokuja, mwaka 1907, kuufuta utumwa katika mwambao huu, fidia alilipwa bwana. Mtumwa alipata kutambuliwa kuwa huru tu.

Heshima ya mzee nayo, ile ya uzeeni mwa babu zetu, ilikuwa na upande wake wa giza: ilisimama juu ya kazi ya wake na vijana, na kijana aliyeinama mbele ya mvi alijua kwamba mahari yake, shamba lake na ruhusa yake ya kuoa vyote vimo mfukoni mwa mwenye mvi. Leo ruhusa hiyo haina nguvu tena. Shamba ndilo lililobaki, nalo halina hati. Hapa ndipo ninapomsikiliza zaidi Nancy Fraser, yule Mmarekani aliyebishana na Honneth katika kitabu walichokitoa pamoja mwaka 2003. Bibi huyu hataki tuanze na uchungu wa moyo wa aliyedharauliwa. Ataka tuulize ni desturi gani, sheria gani na mgawanyo gani wa mali unaomzuia mtu kukaa na wenziwe kama mwenza. Mimi ningesema, kwa lugha yetu, kukalia jamvi moja.

Na historia ya jamvi hilo, kaskazini ya Sabaki, ni ya kuvutwa kila mara chini ya waliolikalia. Mwaka 1914 Serikali ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama waihame ng'ambo hii ya mto, ikailipua kaya yao kwa baruti, na baada ya vita vilivyofuata ikawatoza faini ya rupia 100,000 na vibarua 1,000. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kuikataa Serikali hiyo, ambaye alikuwa amepelekwa kifungoni Kisii mwaka mmoja kabla na akatoroka kurudi kwa miguu, amezikwa Bungale, humu humu Magarini, na leo ana sanamu Malindi. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ilimtaka kila mwenye dai katika mwambao alete dai lake kwa maandishi na kwa muda maalumu, na ambaye hakuleta, akiwa hakuarifiwa au hakudhani kwamba baba yake angehitaji shahidi wa kuzikwa pale alipozikwa, alihesabiwa hana chake. Toka hapo akawa skwota, jina ambalo mjukuu wake angali nalo. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipoletwa Mradi wa Makazi wa Magarini kwa fedha za Australia, wakulima waliokuwa wakihama na mashamba yao kwa kufuata mvua walipimiwa viwanja vya kukaa pamoja, kwa ramani iliyochorwa na watu wenye nia njema ambao walikuwa wamesoma udongo kuliko walivyosikiliza waliokuwa wakiulima. Wataalamu wenyewe baadaye waliuandikia kitabu, mwaka 1991, na jina la kitabu hicho linasema habari za njia iliyotandazwa nia njema.

Basi kijana wa Adu anayemtazama mzee wake hivi leo anamwona mtu aliyekalia ekari zisizo na hati, zisizoweza kugawanywa kwa amani wala kuuzwa kwa halali, ambazo kupata kwake yeye kunategemea kuondoka kwa huyu. Simtetei. Mwenye kuua mzazi ameua, na Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 28, yasema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao, unaostahili kuheshimiwa na kulindwa. Lakini nimechoka na semina ambamo vijana huhubiriwa kuheshimu wazee, kisha sahani za wali zikapita, kisha watu wakatia sahihi za posho, wala hapajatajwa ekari hata moja. Hatimiliki moja iliyoandikwa mapema, na majina ya wana na binti ndani yake, ingekuwa imewazuia wengine wasiende dukani kununua piko.

Narudi ofisini. Karani hakuwa mtu mbaya. Alipoona ule weupe kwenye mashina alinyamaza kwa kitambo, akageuza geuza kitambulisho, na nikaona kwamba alikuwa ameshatambua, tena bila shaka yoyote, kwamba huyu ndiye yule. Lakini fomu yake ilitaka uso ufanane na picha. Akamwambia mzee arudi kwa chifu akalete barua ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye, au kama hataki usumbufu huo apige picha mpya, abadilishe kitambulisho. Akasema, "Pole, baba," na neno lile la baba, ambalo hakuwa amelitumia mwanzo, nililisikia.

Mzee alivaa kofia yake, akakikunja kitambaa mara nne, akatazama mahali pa kukaa kwa sababu pikipiki ilikuwa haijarudi. Benchi ilikuwa imejaa. Mimi nilijisogeza, nikabana magoti, akapata nafasi ya nusu mtu. Kusimama sikusimama, na mpaka leo sijui ni kitu gani kilichonikalisha, maana karatasi yangu ingeweza kuitwa nikiwa wima. Akaketi. Piko yake ilikuwa bado inanuka, ile harufu kali ya dawa inayoingia puani kabla ya jicho kuona. Tulikaa hivyo kwa muda bila maneno, kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka shauri la kweli, kwa kuwa aliona nina kalamu mfukoni: hiyo picha mpya, akaipige sasa na nywele hizi nyeusi, au angoje nyumbani mpaka mvi ziote zote, kisha aje akapigwe akiwa mwenyewe.

Nilimwuliza zitachukua muda gani kuota.

"Miezi mitatu," akasema. "Kama nitafika."